Kipendacho Moyo Ni Dawa? Hoja Juu ya Pakiti za Kripsi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikihitimisha semina ya mwaka wa tatu juu ya uhuru wa kuchagua. Kwa muda wa saa mbili tulijadili iwapo mtu aliyezaliwa ndani ya mfumo fulani anaweza kweli kusema kwamba ameuchagua. Mjadala ulipoa. Wanafunzi walikuwa wamechoka, na juu ya meza zao, kati ya madaftari na simu, zilikuwapo pakiti za kripsi zilizonunuliwa katika duka lililo nje ya geti. Nikauweka kando muhtasari wangu, nikawapa kazi nyepesi: kila mmoja aitetee ladha ya pakiti aliyoishika.

Darasa likawaka moto. Wapenzi wa nyanya waliwadharau wapenzi wa kuku. Mmoja alisema kwamba anayekula chumvi na siki ana matatizo ya malezi. Mwingine aliapa kwamba ladha ya jibini na vitunguu ni ya watu waliosoma shule za kulipia. Sijapata kusikia Katiba ya nchi ikitetewa kwa bidii ya namna ile. Mwishowe binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye huwa hazungumzi sana, akafunga kikao: "Dokta, ladha haina mjadala. Kipendacho moyo ni dawa."

Wote tulicheka, na muda ukawa umekwisha. Sikumjibu, na sababu yake naiungama hapa. Ndani ya mkoba wangu, chini ya karatasi za mitihani, ilikuwapo pakiti ya pilipili na ndimu niliyokuwa nimeiandaa kwa safari ya kurudi nyumbani. Makala hii ndiyo jibu langu kwake.

Naanza kwa kujishtaki mwenyewe, ili msomaji asidhani kwamba nahubiri kutoka juu ya mlima. Napenda kripsi. Ninazo daraja zangu: pilipili na ndimu kwanza, nyanya ya pili, chumvi tupu ya tatu, na kuku sili ila nimekosa nyingine zote. Nasahihisha mitihani huku nikizitafuna, na wako wanafunzi waliopata karatasi zao zikiwa na alama ya kidole chenye mafuta. Kwa hiyo sizungumzii udhaifu wa wengine. Ninachokataa ni hoja ya kwamba mpangilio huo wa daraja nimeutunga mimi, kwa hiari yangu, bila mkono wa mtu mwingine, na kwa hiyo hauhojiwi.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka yote ya ulaji wangu: niligeuza pakiti nikasoma mgongo wake. Ilinibidi nivae miwani na kusogea karibu na taa. Maandishi yote yalikuwa kwa Kiingereza, ilhali duka, muuzaji na mnunuzi wote ni Waswahili. Chumvi haikuandikwa kwa jina la chumvi, iliandikwa sodiamu: miligramu 800 kwa kila gramu 100. Ili kujua hiyo ni chumvi kiasi gani, mlaji anatakiwa azidishe kwa mbili na nusu. Nikazidisha, nikapata gramu 2 za chumvi katika pakiti moja ya gramu 100. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, ukijumlisha ugali, mboga, mkate na kila kitu. Pakiti yangu ya safarini, inayoliwa kati ya kituo cha daladala na mlango wa nyumbani, ilikuwa imekwisha kula sehemu mbili kati ya tano za siku yangu kabla sijanawa mikono kwa chakula cha usiku.

Sasa tuitazame ladha yenyewe. Msemo wa binti yule unadhani kwamba moyo ulikuwapo kwanza, kisha pakiti ikaja kuuridhisha. Historia inasema kinyume. Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliuchambua mchuzi wa mwani na kukipata kitu kilichoupa utamu wake wa pekee. Mwaka uliofuata kitu hicho kilianza kuuzwa kikiwa unga mweupe kwa jina la Ajinomoto. Leo unga huo huo umo katika pakiti nyingi, umejificha nyuma ya alama E621. Mwaka 1954, huko Dublin nchini Ireland, Joe Murphy alianzisha kampuni ya Tayto, na humo ndimo zilimotengenezwa kripsi za jibini na vitunguu ambazo dunia nzima imeziiga. Kabla ya hapo, kripsi za kampuni ya Smith's ya Uingereza zilikuwa na kikaratasi kidogo cha buluu chenye chumvi ndani yake. Mlaji alikifungua, akajinyunyizia kadiri alivyopenda, au akakitupa. Namwomba msomaji akikumbuke kikaratasi hicho, maana nitakirudia.

Tangu wakati huo kazi ya kutia chumvi imehama kutoka mkononi mwa mlaji kwenda kiwandani. Na kiwandani mambo ni mepesi kuliko tunavyodhani. Kiazi ni kile kile, mafuta ni yale yale, mashine ni ile ile. Vipande vikishakaangwa, hupitishwa katika pipa linalozunguka na kunyunyiziwa vumbi. Vumbi la nyanya, vumbi la kuku, vumbi la ndimu. Wanafunzi wangu waliogawanyika katika kambi tano walikuwa wamegawanywa na vumbi. Chini yake wote walikuwa wakila kitu kimoja. Wanaofuatilia siasa za nchi zetu watanisamehe nikisema kwamba uchaguzi wa namna hiyo nimeuona pia mahali pengine, ambapo rangi za fulana hutofautiana sana kuliko mambo yaliyomo ndani ya ilani.

Atatokea mtu aseme: hata kama ni vumbi, ulimi ni wangu. Tuuchunguze ulimi huo. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya kina mama waliokunywa maji ya karoti walipokuwa wajawazito au walipokuwa wakinyonyesha. Watoto wao, walipoanza kula uji uliotiwa karoti, waliupokea vizuri kuliko watoto wa kina mama waliokunywa maji matupu. Ulimi huanza shule tumboni. Watafiti wengine wameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mtu akipunguza chumvi katika chakula chake kwa miezi michache, kiwango cha chumvi anachokiona kitamu hushuka pia. Naye Pierre Bourdieu, katika kitabu chake La Distinction cha mwaka 1979, alieleza kwa kirefu jinsi watu wanavyotumia ladha kujipanga kitabaka: nani ni wa juu, nani ni wa chini, nani amestaarabika. Yule kijana aliyesema kwamba jibini na vitunguu ni ladha ya waliosoma shule za kulipia hajapata kumsoma Bourdieu, lakini alimfupisha vizuri kuliko mimi.

Na mimi mwenyewe ni ushahidi. Nimekulia Usukumani. Kitafunwa cha utoto wangu kilikuwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikauke, vikatafunwa hivyo hivyo au kwa karanga. Hapana kitu nilichokipenda kama hicho. Nilipokwenda shule ya bweni katika miaka ya 1990, mama alinifungia matobolwa katika kitambaa, akaniambia, "Baba, gawana na wenzako." Sikugawana. Juma la kwanza mwenzangu aliyetoka mjini alikifungua kitambaa kile mbele ya bweni zima, akauliza kama nimeleta magome ya miti. Tangu siku hiyo nilikula usiku, chini ya blanketi, nikitafuna taratibu ili nisisikike. Muhula uliofuata nilimwambia mama kwamba siku hizi siyapendi. Nilimdanganya. Nilichokuwa nimekipata bwenini kilikuwa aibu, na aibu ile ilipopata fedha za kwanza za matumizi ilikwenda dukani kununua pakiti yenye rangi. Leo, zaidi ya miaka 25 baadaye, ninapotangaza kwamba pilipili na ndimu ni "chaguo langu binafsi", nani hasa anayezungumza: mimi, au yule mtoto chini ya blanketi?

Mpaka hapa jambo hili lingeweza kubaki la kwangu na daktari wangu. Ninaliandika hadharani kwa sababu ya kilichotokea mwaka huu katika shule anayosoma mwanangu wa pili.

Nje ya lango la shule hiyo, kwa miaka mingi, alikuwapo mama mmoja aliyeuza karanga za kukaanga, ubuyu na mihogo. Mihogo aliikaangia hapo hapo. Mtoto akifika na shilingi zake, mama humkatia kipande, kisha humwuliza, "Nikutilie chumvi, mwanangu? Na pilipili?" Mtoto hujibu ndiyo au hapana. Hicho ndicho kile kikaratasi cha buluu cha Smith's, ambacho Waingereza walikiweka ndani ya pakiti na sisi tulikuwa nacho kinywani mwa mama huyu, bila kiwanda chochote.

Mwezi wa pili wazazi tulipokea barua. Wafanyabiashara wote wa langoni waondoke "kwa sababu za usafi na usalama wa wanafunzi". Barua hiyo hiyo ilitufurahisha kwa habari kwamba shule imefungua duka lake la ndani. Nililitembelea. Rafu nne: kripsi za ladha sita, biskuti za krimu, pipi, na soda katika friji iliyotolewa na msambazaji. Hakukuwa na karanga. Hakukuwa na ndizi. Nilipouliza bei ya kodi ya chumba kile na nani anayeilipa, nilijibiwa kwamba hilo ni suala la bodi.

Katika kikao cha wazazi nilisimama nikauliza. Mwalimu mkuu alinijibu kwa upole: "Mheshimiwa mzazi, pakiti imefungwa, ina alama ya ubora, na watoto wenyewe ndivyo wanavyopenda." Wazazi wengi walipiga makofi. Natambua kwamba hawakuwa wajinga, na hoja yao inastahili jibu la heshima.

Ni kweli kwamba chakula cha langoni kinaweza kudhuru. Kipindupindu hakichagui. Karanga zisipokaushwa na kuhifadhiwa vizuri huota kuvu watoao sumukuvu, na hatujasahau mwaka 2016, sumukuvu iliyokuwa katika mahindi ilipoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mama wa langoni hana maabara. Lakini tufuate mantiki hadi mwisho. Shirika la Viwango ni la umma. Tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini. Maofisa afya wa kata wanalipwa kwa kodi zetu, na kodi hiyo mama huyu naye huilipa kila anunuapo mafuta ya kukaangia. Akikosa maji ya kunawia, jawabu ni bomba. Karanga zake zikitiliwa shaka, jawabu ni kuzipima. Sisi tumechagua jawabu la tatu, ambalo ni rahisi kuliko yote: tumemfukuza, na kiti chake tumempa mwenye friji.

Tena neno "usafi" tumelipa maana finyu mno. Pakiti haina vumbi la barabarani, nakubali. Lakini kuna madhara yanayoingia haraka na kumlaza mtoto siku hiyo hiyo, na kuna madhara yanayoingia polepole na kumlaza akiwa na miaka 45, mwenye presha na sukari. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, katika taasisi za utafiti wa afya za serikali ya Marekani, waliwaweka watu 20 mahali pamoja. Kwa wiki mbili waliwapa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na kwa wiki mbili vyakula vya kawaida, wakiwaruhusu kula kadiri wapendavyo. Katika wiki za vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Hawakushurutishwa. Walifuata kipendacho moyo.

Hoja ya pili ninayoisikia, hasa kutoka kwa wanafunzi wangu wa uchumi, ni kwamba viwanda vya kripsi vinaleta ajira na soko kwa wakulima wa viazi. Sina ugomvi na kiwanda, wala na mkulima wa Njombe. Lakini anayesema kwamba tunapenda vya viwandani kwa sababu tunapenda viwanda anieleze habari ya korosho. Tulijenga viwanda vya kubangulia katika miaka ya 1970, vingi vikafungwa, na hadi leo sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Kitafunwa bora kuliko vyote tulivyojaliwa, chenye heshima duniani kote, hutoka Mtwara na Lindi kwa magunia, na mtoto wa Mtwara hununua kripsi za ladha ya kuku. Kama huu ni uzalendo wa viwanda, basi ni uzalendo uliofungwa katika pakiti ya mtu mwingine.

Hoja ya tatu ni ile ya uhuru: serikali isiingie mdomoni mwa mtu. Naiheshimu kuliko nyingine, kwa kuwa naifundisha. Lakini uhuru wa kuchagua unahitaji mambo mawili, yaani kuwapo kwa vitu vya kuchagua na kujua kilichomo ndani yake. Duka la shule limeondoa la kwanza. Maandishi ya Kiingereza yanayosomeka kwa miwani yameondoa la pili. Chile ilianza mwaka 2016 kulazimisha alama nyeusi za pembe nane mbele ya pakiti zenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi, na ikazuia bidhaa hizo kuuzwa shuleni. Mexico iliweka alama kama hizo mwaka 2020. Afrika Kusini, jirani yetu katika SADC, iliweka ukomo wa sodiamu katika mkate, kripsi na vyakula vingine kuanzia mwaka 2016. Hakuna hata nchi moja kati ya hizo iliyopiga marufuku kripsi. Mtu mzima anaendelea kununua. Ila ananunua akijua.

Sasa nageukia wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma, maana najua mpo na mnanisoma saa za kazi. Mmewahi kujiuliza kwa nini chai ya semina imebadilika? Zamani tulikuta mihogo, viazi vitamu, karanga na maandazi. Siku hizi kila kiti kina pakiti ya kripsi, biskuti na chupa ya soda. Nimekuta hivyo hata katika warsha iliyokuwa na neno "lishe" kwenye bango lake. Nilimwuliza mratibu mmoja, kijana mwaminifu, akaniambia ukweli: "Dokta, mhasibu anataka risiti ya EFD. Mama wa mihogo hana mashine." Basi, hiyo ndiyo siri. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba watumishi wa umma wapende vumbi la nyanya. Fomu ya malipo ndiyo iliyoamua. Yule mama wa langoni alikuwa na kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, alichokilipia shilingi 20,000 na kukivaa shingoni kama medali. Kilimruhusu afanye biashara, lakini hakikumruhusu auze kikombe cha karanga kwa ofisi ya umma. Ladha yako, mtumishi mwenzangu, imechaguliwa na kanuni ya manunuzi, kisha ukaambiwa kwamba ni ya moyo wako.

Ninachodai si kingi. Maelezo ya chakula kilichofungwa yaandikwe kwa Kiswahili, upande wa mbele, kwa herufi zinazosomeka, na chumvi iitwe chumvi. Kiwekwe kiwango cha juu cha chumvi katika vitafunwa, kama walivyofanya Afrika Kusini. Maduka ya ndani ya shule yasiuze bidhaa zinazovuka kiwango hicho, na mikataba yao iwekwe wazi kwa wazazi. Wauzaji wa langoni wapewe kibanda, maji, mafunzo na ukaguzi, kwa utaratibu ule ule tunaowapa wawekezaji wakubwa tunapowapelekea umeme na barabara hadi mlangoni. Na ofisi za umma ziruhusiwe kununua chai yao kwa wauzaji hao kwa hati nyepesi, ili mhasibu alale usingizi.

Wanafunzi na wanaharakati nawapa kazi nyingine. Mnajua kuandamana kwa ajili ya mkopo uliochelewa, na mna haki. Jifunzeni pia kuuliza nani analipia friji.

Yule mama nilimtafuta. Amehamia ng'ambo ya barabara, karibu na kijiwe cha bodaboda. Nilimwamkia, akaniitikia, akanifungia karanga. Nikamwuliza biashara inaendaje. "Ndogo, baba. Watoto wakivuka kuja huku nawafukuza mwenyewe, magari yanakimbia sana. Sitaki mtoto wa mtu afe kwa sababu ya muhogo wangu." Shule iliyomwondoa kwa ajili ya usalama wa wanafunzi haijamweka mtu wa kuwavusha.

Kwa binti wa semina: msemo wako ni wa wahenga, nami sithubutu kuufuta. Wahenga waliusema wakati moyo wa mtu ulifunzwa na mama, shamba na jirani. Leo umeongezewa walimu wengine, wenye mishahara na maabara. Kabla hujaniambia kipendacho moyo wako, niambie kwanza nani amekuwa akiufundisha. Pakiti yangu ya pilipili na ndimu bado imo katika mkoba, sijaifungua tangu siku ile. Nitakuja nayo katika semina ijayo, pamoja na matobolwa niliyoagiza kwa dada yangu kutoka Shinyanga. Mjadala tutauendeleza tukiwa na vyote viwili mezani.